Gari inasumbua kwenye ovali kubwa: dereva akilalamika redioni, shida iko wapi?

Watu wengi wanaoanza kufuatilia NASCAR (zile mbio za magari za Marekani, nyingi kwenye viwanja vya duara refu, ndo ovali) hawajui kwamba pale uwanjani ukikodi headset unamsikiliza dereva na mafundi wake mbio nzima, hamna siri, unachagua namba ya gari unayotaka basi. Mimi niko huku North Carolina, uwanja wa Charlotte (ambao ukweli uko Concord) sio mbali na ninapokaa, na kabla sijaja huku nilikuwa fundi Dar, nashika Noah, Carina, Hiace, vitu hivyo. Siku ya kwanza kuvaa ile headset nilicheka peke yangu watu wakanigeukia. Manake dereva analalamika vilevile kama mteja wa gereji, hasemi kilichoharibika, anasema anachokisikia kiunoni, na mkuu wa mafundi naye anauliza yaleyale tuliyokuwa tunauliza sisi: inafanya ukiingia kona au ukitoka? tairi zikiwa mpya au zikishachoka? ukiwa peke yako au ukiwa nyuma ya mtu?

Ukishika hayo maswali matatu umemaliza nusu ya kazi. Wanaokosea ni wale wanaorukia spana kabla hawajauliza.

Halafu ujue unaongelea uwanja gani. Daytona ni maili 2.5, yani kama kilomita 4, kona zake zimeinuka nyuzi 31, Talladega kule Alabama ni maili 2.66 na kona nyuzi 33, ukisimama pale chini unaona ni ukuta tu wa lami, kupanda kwa miguu ni shughuli. Hizo mbili gari inabanwa pumzi makusudi, yani hewa inayoingia kwenye injini inapunguzwa, nguvu inashushwa hadi farasi 510 hivi, kwasababu 1987 pale Talladega Bill Elliott alipiga muda wa kufuzu kwa spidi ya zaidi ya kilomita 342 kwa saa halafu kwenye mbio zenyewe gari ya Bobby Allison ikaruka ikachana uzio wa mashabiki. Tangu 1988 wakaanza kuziba pumzi. Charlotte, Michigan, Indianapolis ni habari nyingine, kule nguvu ipo zaidi na kona inabidi uikate kweli. Kwahiyo dalili ileile inaweza kuwa na chanzo tofauti kabisa kutegemea uko wapi.

"Niko taiti" / "niko luzi"

Haya ndo malalamiko utakayoyasikia kuliko yote. Taiti ni pale unageuza usukani lakini pua haitaki kufuata, gari inakwenda inapotaka yenyewe, ambako ni ukutani. Luzi ni pale mkia unataka kutangulia mbele ya pua. Dawa zinazotumika piti (pale gari inaposimama kwa mafundi katikati ya mbio) ni mbili hasa. Moja ni upepo wa tairi: ukipunguza tairi ya nyuma kulia mkia unashika, ukiongeza mkia unalegea. Ya pili wanaiita weji, utamuona jamaa anachomeka spana ndefu kwenye tundu la kioo cha nyuma anazungusha, pale anabana au anaachia springi ya nyuma. Fikiria meza ya miguu minne, ukiweka kikaratasi chini ya mguu wa nyuma kushoto, mguu wa mbele kulia nao unabeba mzigo zaidi ingawa hujaugusa. Gari nayo hivyohivyo. Ukiongeza mzigo kwenye hayo magurudumu mawili inakuwa taiti, ukiupunguza inalegea.

Mpaka hapo rahisi. Sasa utamu uko hapa.

Mwaka mmoja nilikuwa namsikiliza dereva mmoja kwenye ile mbio ndefu ya maili 600 pale Charlotte, raundi 400, inaanza jua bado lipo inaisha usiku. Jamaa analia luzi, luzi kwenye kutoka kona, mkia unanikimbia. Piti wakamkaza. Akarudi barabarani, baada ya raundi chache analia tena na sasa hivi ni zaidi. Wakamkaza tena. Mimi niko juu kwenye viti na chipsi zangu naona kwa macho, akiingia kona anazungusha usukani mwingi kuliko wenzake, anasubiri, pua haiji, anaongeza tena usukani, halafu akishafika katikati mara pua inashika ghafla na kwasababu usukani ulishazungushwa mwingi mkia unaruka. Yule hakuwa luzi. Alikuwa taiti! Luzi yake ilikuwa matokeo tu. Piti ya tatu mkuu wa mafundi ndo akauliza swali ambalo lilitakiwa liulizwe mwanzo, "katikati ya kona, kabla hujakanyaga, pua inafanyaje?" Wakaachia weji, wakalegeza gari ambayo dereva wake anasema ni luzi, na ikatulia. Ila muda huo alishapigwa raundi 2.

Kwahiyo ukisikia luzi ya kutoka kona usiamini mara moja, muulize kwanza katikati ikoje. Ikiwa mkia unakimbia pale anapoingia tu, kabla hata hajageuza sana, hiyo ndo luzi ya kweli.

Na kwa Charlotte kuna hii ya jua. Mchana lami ina joto inateleza, magari yanaelea. Jua likizama lami inapoa inashika, na gari nyingi zinahamia kwenye taiti zenyewe bila mtu kugusa kitu. Wajanja wanaanza mbio na gari iliyolegea kidogo, wanavumilia saa ya kwanza wakipitwapitwa, halafu usiku gari inawajia. Anayeongoza saa moja jioni mara nyingi ndo yule utamkuta wa kumi na tano saa nne usiku anauliza gari yangu imepata nini. Haijapata kitu, ni usiku tu umeingia.

Gari nzuri ikiwa peke yake, mbaya ikiwa na wenzake

Hapa usiguse spana kabisa, shida sio chuma ni hewa. Kwenye viwanja vya aina ya Charlotte na Michigan ukimkaribia wa mbele anakuibia hewa inayoikandamiza pua yako chini, unakuwa taiti hapohapo. Dawa ni dereva kubadili njia, apande juu au ashuke chini pua ipate hewa safi.

Daytona na Talladega ni kinyume, taabu inatoka nyuma. Mtu akikusogelea bampa kwa bampa anavuruga hewa inayoshikilia mkia wako, unajisikia mwepesi nyuma hata kabla hajakugusa. Akikugusa katikati ya bampa anakusukuma wote mnaenda mbio, fresh. Akikugusa upande wa kushoto nyuma pua yako inageukia kulia juu ukutani, na nyuma yako kuna gari ishirini zinakuja kwa karibu kilomita 300 kwa saa, kila sekunde moja zinakula mita 80 na kitu. Ndo maana zile ajali zinabeba watu wengi, sio kwamba madereva hawana breki. Kama wewe umezoea Safari Rally pale Naivasha ambapo dereva ana mwenzake pembeni anamsomea noti, huku mwenzake anaitwa spota na yuko juu kwenye paa la jukwaa na darubini, kazi yake kumwambia kuna mtu nje, kuna mtu ndani, uko salama. Dereva ndani amefungwa mpaka kichwa, haoni nyuma vizuri. Ukisikia dereva anasema gari inayumba ikiwa kwenye msururu tu, sikiliza spota anasemaje kuhusu wa nyuma.

"Inatetemeka"

Hii ndo inayoniogopesha. Kwasababu inaweza kuwa upuuzi na inaweza kuwa gurudumu linataka kutoka, na dereva kwenye kiti anasikia kitu kilekile.

Upuuzi ni vipande vya mpira vilivyolika kwenye tairi za watu vikajaa juu ya njia, ukipita huko vinaganda kwenye tairi zako gari inatetemeka kama imepita kwenye makorongo, raundi mbili tatu vinatoka vyenyewe. Kwahiyo swali la kwanza: imeanza baada ya kupanda juu kumkwepa mtu? Kama ndio, vumilia kidogo.

Kama imeanza baada ya kufunga breki mpaka tairi zikavuta, hiyo tairi imekatika bapa sehemu moja, itatetemeka mpaka ubadilishe.

Kama imeanza mara tu baada ya kutoka piti, usisubiri. Zamani gurudumu lilikuwa na nati 5, hata moja ikilegea dereva alikuwa anasikia mtetemo muda mrefu kabla mambo hayajaharibika. Tangu gari mpya zije 2022 ni nati moja kubwa ya katikati tu, ikishika imeshika, isiposhika gurudumu linaondoka zake lenyewe. Mwanzoni adhabu ilikuwa kali, gurudumu likitoka barabarani mkuu wa mafundi na wenzake wawili wanafungiwa mbio 4. Baadae wakalegeza kidogo.

Kama haina uhusiano na tairi, fanya jaribio hili la gereji: achia mafuta spidi ikiwa bado ipo. Mtetemo ukipotea tafuta kwenye injini au gia au shafti, kitu kinachobeba nguvu. Ukibaki palepale na kupungua kadri gari inavyopungua, ni gurudumu au kitu kinachozunguka nalo.

Na hata ukifanya yote bado inaweza kukukwepa. Daytona 500 ya 2012, ile iliyoahirishwa kwa mvua ikakimbizwa Jumatatu usiku, Juan Pablo Montoya alisikia mtetemo nyuma, bendera ya njano iko nje (magari yote yanatembea polepole, hamna kupitana), akaingia piti, jamaa wakachungulia nyuma hawakuona kitu wakamwambia nenda. Akawa anakimbia kuwafuata wenzake, kitu cha nyuma kikakatika, gari ikazunguka ikaenda kugonga lori lenye injini ya ndege la kukausha barabara, mafuta ya ndege yakamwagika lami ikawaka moto. Mbio zikasimama kwa masaa 2 na zaidi. Yeye akatoka anatembea, dereva wa lori naye akasalimika. Mbio alishinda Matt Kenseth. Mimi nikisikia fundi anasema "tumeangalia hatujaona kitu" huwa nakumbuka ile picha ya moto. Kutoona kitu kwa sekunde 10 ukiwa umeinama sio kwamba hakipo.

Tairi zinapasuka, au zinaisha kabla ya wakati

Goodyear ndo anawapa wote tairi, kwahiyo huwezi kusema yule ana tairi nzuri kuliko mimi. Ikipasuka ya kwako tu, kuna uwezekano ulikanyaga chuma, au umezipa upepo mdogo kupita kiasi. Timu zinapenda upepo mdogo kwasababu gari inashika zaidi, ila ubavu wa tairi unakunjwa kila kona, unapata moto, unachoka, mwisho unaachia. Mwezi wa tisa 2022 pale Texas Chase Elliott, Kevin Harvick na Martin Truex Jr. wote walipasukiwa wakiwa wanaongoza, mmoja baada ya mwingine.

Zikiisha za kila mtu basi shida ni ndoa ya tairi na lami. Indianapolis 2008 ndo mfano ambao hautasahaulika, kawaida mpira unaolika unaganda kwenye lami na kadri mbio zinavyoenda lami inakuwa laini kwa tairi, ile siku mpira ukawa unageuka unga, unapeperuka, lami inabaki msasa. Tairi za kulia zikawa zinaliwa mpaka nyuzi zinaonekana ndani ya raundi 10 na kidogo, kwahiyo waandaaji wakawa wanatoa bendera ya njano makusudi kila baada ya raundi kumi hivi watu wakabadilishe. Raundi 160 za namna hiyo. Jimmie Johnson alishinda, lakini muulize aliyekuwepo kama alifurahi.

Namna ya kusoma tairi iliyotoka: utawaona wanaichoma na moto kidogo wanakwangua uchafu juu, wanapima vishimo kwenye mpira. Ikiliwa zaidi upande wa ndani, gurudumu limelazwa sana. Ikiliwa katikati, upepo mwingi. Pande zote mbili za pembeni, upepo kidogo. Hii hata tairi ya bajaji inasoma hivyohivyo.

Kuna kitu kimoja cha gari mpya: tairi zake zina ubavu mfupi, zikiisha upepo zote baada ya kuzunguka, tumbo la gari linakaa chini kabisa na hata injini ikiwa nzima haiendi. Watu wanauliza mbona hajiondoi, hawezi, amelalia tumbo.

Inachemsha

Kabla hujaenda kwenye gasketi na pampu ya maji, angalia grili. Nawaambia kwa uchungu. Nikiwa Dar mteja alileta Noah imetoka Morogoro inachemsha, nikafungua thermostati, nikabadilisha mfuniko wa rejeta, nikaanza kumtisha na habari za silinda hedi, mwisho dogo aliyekuwa anatuoshea magari akaingiza mkono kati ya rejeta na ile ya esi akatoa mfuko wa rambo mweusi umejikunja kule. Nilimrudishia mteja nusu ya hela yake.

Kwenye ovali ni karatasi za mkate na vifuko vya chipsi kutoka majukwaani. Temperecha inapanda ghafla ndani ya raundi moja mbili, sio polepole, hiyo ndo tofauti. Dawa haihitaji hata kuingia piti, dereva anamsogelea sana gari ya mbele, hewa inayosukuma grili inapungua, karatasi inalegea inaanguka, anatoka pembeni. Ukiona mtu amemganda mwenzake kisha anachomoka bila kumpita, mara nyingi ndo anachofanya.

Ikipanda polepole na amekuwa anamsukuma mtu muda mrefu, ni hewa ya moto ya yule wa mbele. Miaka ile ya 2011 Daytona walikuwa wanatembea wawiliwawili, mmoja anasukuma, na moja ya mbinu za waandaaji za kuwaachanisha ilikuwa kupunguza tundu la grili, asukumaye achemshe! Mjomba wa Bukavu ninayeangalia naye mbio anasema huo ndo uamuzi wa akili kuliko wote waliowahi kutoa.

Ikipanda baada ya kugonga pua, hiyo rejeta, usijifariji.

Moshi

Angalia unatokea lini. Ukitokea kwenye kona tu, mudigadi umeinama unagusa tairi, una raundi chache kabla haijakatwa. Mfululizo na wa bluu, oili inaungua, pole. Mweupe na unatoweka haraka, maji. Harufu ndani bila moshi nje inaweza kuwa mabaki ya mpira yaliyojikusanya chini ubavuni, 2022 gari ya Harvick iliwaka hivyo Darlington na baada ya hapo walibadilisha vipande vya ubavuni.

Umegusa ukuta kidogo na sasa usukani haujanyooka

Kwa macho gari haina kitu, mikwaruzo tu, kwasababu bodi siku hizi sio bati inarudi yenyewe. Ila chini gurudumu la nyuma la kulia lina fimbo nyembamba inayolishika lisigeuke, ikipinda gurudumu linaangalia pembeni na gari inatembea kama kaa. Dereva atasema usukani umepinda kushoto nikinyoosha. Wengi wanadhani ni mbele wanaanza kuangalia tairodi za mbele. Anza nyuma. Ikishapinda hakuna weji itakayokuokoa, inabadilishwa.

Injini nzima, gari nzima, lakini naachwa

Daytona au Talladega ukiwa peke yako utaachwa tu hata uwe na injini ya malaika, msururu wa magari unavunja upepo pamoja. Chanzo kiko nyuma kidogo, ulitoka piti peke yako au wenzako wa kampuni moja ya gari walitangulia kuingia. Ndo maana Ford wanaingia na Ford, Toyota na Toyota. Pia kuna kosa la spidi piti, magari haya hayana spidomita ya kawaida, dereva anafuata taa za mizunguko ya injini, na pale mwendo ni maili 55 kwa saa, unapimwa kwa vipande vya barabara. Ukizidisha kwenye kipande kimoja unarudi kupita piti mbio zikiendelea, na msururu umeshaenda.

Inamisi kwenye kunyoosha tu, kona haina shida

Wese linaisha. Kwenye kona mafuta yote yanasukumwa kulia kwenye tenki, na mdomo wa kunyonyea uko hukohuko, injini inakunywa vizuri. Ukinyoosha yanatawanyika, pampu inavuta hewa, inakohoa. Tenki ni lita 75 hivi, na siku hizi Daytona utawaona wanatembea wamekanyaga nusu tu muda mrefu makusudi ili piti wajaze kidogo watoke haraka, watu wanadhani wamelala.

Kikohozi cha kwanza ukikisikia una raundi moja, labda na nusu, dereva atatingisha usukani kushoto kulia kusogeza matone ya mwisho. Wakati mwingine haitoshi. Ile maili 600 ya 2011 pale Charlotte Dale Earnhardt Jr. alikuwa anaongoza raundi ya mwisho, kona ya mwisho, jukwaa zima limesimama, na gari ikanyamaza. Kevin Harvick akampita mbele ya mstari.